Kikohozi kikavu hakiniachi, na mama mkwe anataka nikatwe kimeo

BARUA YA MSOMAJI

Shikamoo Mama mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina umri wa miaka 42, na ninaishi Tanga mjini na mume wangu, watoto wetu na mama mkwe wangu. Naomba jina langu usilitoe, kwa kuwa mtaa wetu ni wa watu wanaojuana na riziki yangu inategemea watu hao hao. Mimi ni mama lishe. Asubuhi ninauza chai, vitumbua na maharage, mchana wali na samaki, na wateja wangu wengi ni vijana wa bodaboda na mafundi wa gereji iliyo jirani.

Kinachonisumbua ni kikohozi kikavu. Kilianza na mafua yaliyotupitia nyumba nzima; wenzangu wakapona, mimi mafua yakaisha na kikohozi kikabaki. Sasa imepita zaidi ya miezi miwili. Makohozi hayatoki. Nasikia mtekenyo kooni, nikijaribu kujizuia ndiyo unazidi, kisha nakohoa mfululizo mpaka machozi yananitoka na mbavu zinauma. Kikizidi sana mkojo unanichuruzika, jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, lakini wewe nimeona nikuandikie yote. Usiku ndipo hali inapokuwa mbaya: nikishajilaza tu kinaanza, nami huamka nikakaa nimeegemea ukuta ili mwanangu mdogo ninayelala naye asiamke.

Sijakaa bure. Kila usiku kabla ya kulala ninachemsha tangawizi nyingi, kitunguu saumu, pilipili manga na limau zima pamoja na ganda lake, nachuja, naongeza asali, na kunywa kikombe kizima kikiwa cha moto. Nilipoona hakinisaidii, nikaongeza tangawizi. Nimejifukizia kwa majani ya mkaratusi na mchaichai nikiwa nimejifunika khanga mbili. Nimetafuna karafuu, nimelamba habasoda na asali. Duka la dawa nimenunua dawa ya maji ya kikohozi, baadaye nikauziwa antibayotiki bila kupimwa, nikazimaliza zote, hakuna kilichobadilika. Jirani alinishauri ninywe kijiko cha mafuta ya taa na sukari, lakini hilo nilikataa. Ugonjwa mwingine sina, isipokuwa presha ambayo niligundulika nayo mwaka huu kliniki, na vidonge vyake ninameza kila asubuhi kama nilivyoagizwa.

Mama mkwe wangu ni mtu mwema. Amenilelea watoto wangu wote nikiwa sokoni au jikoni, na mimi ninamheshimu kama mama yangu mzazi. Jioni moja alinimulika kooni kwa tochi ya simu, akasema kimeo kimeshuka na kimekuwa chekundu, kwamba kinagusa ulimi na ndicho kinachonikohoza, na kwamba dawa zote ninazokunywa ni kazi bure mpaka kikatwe. Watoto wake wote aliwakatisha vimeo, pamoja na mume wangu, na wote ni wazima. Sasa ameongea na fundi anayetoka nje ya mji, naye ameahidi kuja mwisho wa mwezi. Tena anataka siku hiyo hiyo akatwe na mwanangu wa mwisho, mwenye miaka mitatu, kwa sababu naye anakohoa usiku. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu. Nikimpigia simu ananiambia nimsikilize mama, tusije tukaleta mfarakano nyumbani kwa jambo dogo.

Hospitali ninaogopa, na sababu ninaijua. Marehemu kaka yangu alifariki kwa kifua kikuu miaka mingi iliyopita, na ninakumbuka jinsi watu walivyoacha kunywa maji nyumbani kwetu. Juzi nilikohoa wakati napakua, kijana mmoja akabeba sahani yake akaenda kulia ng'ambo ya barabara. Nikionekana nimepanga foleni kwenye dirisha la kifua kikuu, biashara yangu imekwisha. Je, nikubali kukatwa kimeo ili nyumba iwe na amani? Au kuna dawa ya nyumbani ambayo bado sijaijaribu, au nakosea vipimo katika kuichanganya?

Ni mimi mama wa watatu, Tanga

JIBU LA MSHAURI

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Kulala umeketi usiku, ukiwa umeegemea ukuta ili mtoto asiamke, kisha alfajiri uwashe jiko na kuwahudumia watu, ni kazi nzito, nawe umeibeba kimya kimya kwa muda mrefu. Hilo la mkojo kukuchuruzika lisikutie aibu. Kikohozi cha nguvu hukandamiza kibofu, na wanawake waliozaa hupatwa na jambo hilo mara nyingi kuliko tunavyoambiana. Mweleze mhudumu wa afya pia, kwa sababu linamwonyesha kikohozi chako kina ukali gani.

Umeniuliza mambo mawili, yaani kama ukubali kukatwa kimeo na kama ipo dawa ya nyumbani uliyoisahau. Ndani ya barua yako, hata hivyo, nimeona mambo mengine ambayo umeyapita haraka, nami naomba turudi nyuma tuyatazame pamoja, kwa kuwa huenda ndiyo yenye uzito zaidi.

Nianze na dawa za nyumbani, kwa sababu umezitumia kwa bidii na sitaki udhani kuwa ulikuwa ukipoteza muda. Asali ina faida ya kweli. Imechunguzwa na watafiti, hasa kwa watoto wanaokohoa usiku baada ya mafua, na imeonekana kupunguza kikohozi na kuwapa usingizi. Kijiko kimoja kabla ya kulala, kikilambwa taratibu, kinatosha kwa mtu mzima. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 hapewi asali kabisa, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyomletea sumu ya hatari, lakini wako wa miaka mitatu anaweza kulamba kidogo. Kama hujawahi kupimwa sukari, pima, maana presha na kisukari mara nyingi hufuatana. Kusukutua koo kwa maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi nako hutuliza, ila maji hayo uyateme, kwani mwenye presha hahitaji chumvi ya ziada. Karafuu moja mdomoni hutia ganzi kidogo na kuupunguza mtekenyo. Mafuta ya taa umefanya vema kabisa kuyakataa: yakipenya kwenye mapafu, hata kwa kiasi kidogo, huyaunguza, na watoto wengi hulazwa hospitali kwa sababu hiyo.

Mchanganyiko wako wa usiku ndio unaonitia shaka, na hapo ndipo swali lako la vipimo linapopata jibu ambalo huenda hukulitarajia. Tangawizi nyingi, pilipili manga, kitunguu saumu na limau zima, kikombe kizima, kisha unajilaza. Kwa baadhi ya watu, vitu hivyo huchochea asidi ya tumbo, na mtu akilala chali muda mfupi baadaye, asidi hiyo hupanda mpaka kooni na kusababisha kikohozi kikavu, wakati mwingine hata bila kiungulia cha kuhisiwa kifuani. Umesema kikohozi huanza ukijilaza tu, na umesema ulipoona hupati nafuu ukaongeza tangawizi. Je, umewahi kujaribu kuacha mchanganyiko huo kwa wiki moja au mbili, ukabaki na asali peke yake, ukala chakula cha jioni mapema na kuinua upande wa kichwani wa kitanda? Sikwambii kwamba tangawizi ni mbaya. Vipande vichache kwenye chai ya asubuhi havina neno. Ninauliza tu kama dawa iliyozidi nguvu haijageuka kuwa sehemu ya tatizo.

Kujifukizia hulainisha njia ya hewa kwa muda, nafuu yake ni ya kweli lakini ni fupi, na haiponyi chanzo. Hatari yake kubwa ni sufuria ya maji yanayochemka ndani ya khanga, na hasa pale mtoto wa miaka mitatu anapokuwa karibu. Ukipenda mvuke, oga maji ya moto ukiwa umefunga mlango wa bafu, utaupata bila sufuria.

Sasa nikuulize kuhusu moshi, jambo ambalo hukulitaja hata mara moja, ingawa naamini unauvuta tangu alfajiri mpaka alasiri. Unapikia mkaa au kuni? Jiko limekaa upande gani wa upepo? Unakaanga samaki na vitunguu mahali penye paa la chini? Na huko nyumbani, je, jioni mnafukiza udi au ubani, mnawasha dawa ya mbu ya moshi katika chumba mnacholala? Sisi watu wa pwani tunaupenda ubani, nami sisemi utupwe, lakini koo lililochubuliwa na mafua hukaa muda mrefu bila kupona likipewa moshi kila saa. Na mtoto anayelala nawe, anayekohoa usiku kama wewe, anavuta hewa hiyo hiyo. Kusogeza jiko mahali pa wazi, kutumia chandarua badala ya dawa ya mbu ya moshi, na kufukiza ubani uani kwa muda, ni mambo ya gharama ndogo ambayo yanaweza kukupa nafuu kuliko majani yoyote.

Jambo la pili ulilolipita haraka ni vidonge vya presha. Umeandika kwamba ugonjwa mwingine huna, ukaiweka presha pembeni, kisha ukasema uligundulika nayo mwaka huu. Kikohozi nacho ni cha mwaka huu. Kipi kilitangulia? Lipo kundi moja la dawa za presha, zinazotumika sana katika hospitali zetu na duniani kote, ambazo kwa makadirio ya kawaida humletea mtu 1 kati ya 10 kikohozi kikavu chenye mtekenyo kooni, kisicho na makohozi. Wanawake hupatwa nacho zaidi kuliko wanaume. Dawa hizo hufanya kazi kwa kuzuia kimeng'enya fulani, yaani kitu cha mwilini kinachoharakisha mabadiliko ya kemikali, na kimeng'enya hicho hicho ndicho kinachovunja kemikali nyingine inayosisimua mishipa ya fahamu ya njia ya hewa. Kisipofanya kazi, kemikali hiyo hulimbikizana, mtu akakohoa. Kikohozi hicho kinaweza kuanza siku chache baada ya kidonge cha kwanza, au baada ya miezi kadhaa, kwa hiyo mgonjwa hakihusishi na dawa. Mafua yaliyowapitia yanaweza kuwa yaliwasha moto ambao vidonge vinaendelea kuuchochea, au yasihusike kabisa.

Chukua pakiti yako usome jina la dawa, lile la herufi ndogo lililo chini ya jina la kibiashara. Ukikuta captopril, enalapril, lisinopril, au jina lolote linaloishia na pril, basi jambo hili linastahili kuulizwa haraka kliniki. Ukikuta amlodipine au losartan, uwezekano huo unapungua sana na tutafute kwingine. Ninakuomba sana, mwanangu, usiviache vidonge kwa uamuzi wako mwenyewe hata kama jina ni hilo. Presha ikiachwa bila dawa inaweza kupanda bila dalili yoyote na kuishia kwenye kiharusi, na kiharusi hakikupi nafasi ya kujirekebisha. Anayeweza kukubadilishia ni daktari au tabibu wa kliniki, naye ana dawa za kundi jingine ambazo ni nadra kukohoza. Ikibadilishwa, usitarajie kupona kesho yake: kwa kawaida kikohozi huisha ndani ya wiki 1 hadi 4, na kwa wengine huchukua hata miezi 3. Katika wiki hizo utahitaji kupimwa presha mara kwa mara mpaka dawa mpya ikae sawa. Kuna jambo moja tu ambalo halingoji siku ya kliniki: midomo, ulimi au uso ukivimba ghafla, au pumzi ikabana, nenda hospitali saa hiyo hiyo, kwa kuwa dawa hizo mara chache sana huleta uvimbe unaoweza kuziba koo. Na unaponunua dawa za mafua na kikohozi, mwambie muuzaji kwamba una presha, maana baadhi yake, hasa zile za kuzibua pua, huipandisha.

Tuje kwenye kimeo. Kinyama hicho kinachoning'inia nyuma ya kaakaa kina kazi yake: husaidia kuziba njia ya pua tunapomeza ili chakula kisipande, na husaidia katika matamshi na katika kulainisha koo. Mama mkwe wako hakudanganya aliposema ameona kimekuwa chekundu. Mtu aliyekohoa kwa nguvu kwa zaidi ya miezi miwili, akanywa vitu vikali na kuvuta moshi, koo lake lote linaweza kuwa jekundu na kimeo kikavimba. Swali ninalokuachia ni hili: kimeo ndicho kilichokuletea kikohozi, au kikohozi ndicho kilichokivimbisha kimeo? Madaktari wa masikio, pua na koo huona kwamba kikohozi cha muda mrefu huwa na chanzo kingine karibu kila mara.

Ninaelewa kwa nini imani hii imekaa imara. Kikohozi kinachofuata mafua kwa kawaida huendelea wiki 3 hadi 8, kisha huisha chenyewe. Familia huvumilia, hujaribu hiki na kile, na inapofika wiki ya 6 au ya 7 humwita fundi. Kikohozi ambacho tayari kilikuwa kinaelekea kwisha kinaisha, na sifa anapewa fundi. Watoto wa mama mkwe wako walipona, na yeye alikuwa shahidi wa macho. Kumwambia kwamba alikosea miaka yote hiyo kutamuumiza bila kukusaidia. Yale ambayo hakuyashuhudia ndiyo yanayohesabiwa hospitalini: kutokwa damu isiyokatika, maambukizi ya koo na ya damu, pepopunda, na virusi vya homa ya ini na UKIMWI kupitia kifaa kilichotumika kwa mtu mwingine. Kwako wewe, presha iliyo juu inaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu. Tena, kama chanzo ni vidonge, asidi au moshi, utaamka kesho yake na kidonda kooni na kikohozi chako kikiwa pale pale, na kila ukikohoa kidonda kitatoneshwa.

Kuhusu mtoto, naomba uniruhusu niseme kwa uzito zaidi, kwa sababu yeye hawezi kukuandikia wewe barua. Mtoto wa miaka mitatu ana damu kidogo mwilini, hivyo kiasi ambacho mtu mzima angekistahimili kinaweza kumtoa uhai, na kikubwa zaidi ni kwamba damu humezwa, mzazi asiione mpaka mtoto amelegea. Kikohozi chake cha usiku kinaweza kuwa mafua tu, kinaweza kuwa pumu, ambayo kwa watoto mara nyingi hujionyesha kwa kukohoa usiku, kinaweza kuwa moshi, na kwa kuwa analala na mtu mzima anayekohoa kwa muda mrefu, kinahitaji kuchunguzwa pia kwa kifua kikuu. Yoyote kati ya hayo hayatibiki kwa kukata kimeo, na kila moja lina tiba.

Hapo nimelitaja jina unaloliogopa, na sitalikwepa. Nchini kwetu, mtu yeyote anayekohoa kwa wiki 2 au zaidi anashauriwa apimwe kifua kikuu, hivyo wewe umepita muda huo kwa mbali. Haimaanishi kwamba unao ugonjwa huo. Hukutaja kupungua uzito, homa za jioni, jasho la usiku linalolowesha shuka, wala damu, ingawa ningependa ujiulize kwa ukweli kama hayo yapo au hayapo. Shirika la Afya Duniani liliiweka Tanzania miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu katika orodha yake ya mwaka 2021 hadi 2025, na vituo vya serikali hupima na kutibu bila malipo. Kwa kikohozi kikavu wanaweza kukuomba ujitahidi kupata makohozi ya asubuhi, au wakakupiga eksirei ya kifua. Antibayotiki ulizouziwa bila kupimwa hazikukusaidia, na hilo peke yake ni sababu nzuri ya kutonunua nyingine, kwa kuwa baadhi yake zinaweza kuficha dalili za kifua kikuu kwa muda bila kukiponya.

Najua kwamba namba hazimwondolei mtu kumbukumbu ya kaka yake. Ila nakuomba uipime hofu yako upya. Umesema ukionekana kwenye foleni biashara imekwisha; lakini kijana yule tayari amebeba sahani yake, na hakukuona kwenye foleni yoyote. Kikohozi chenyewe ndicho kinachowaondoa. Kipimo kikionyesha kwamba huna kifua kikuu, utakuwa na neno la kuwaambia wateja na moyo wako utatulia. Kikionyesha kwamba unacho, matibabu ya kawaida ni miezi 6, kinapona, na baada ya wiki chache za kwanza za dawa zinazofanya kazi uwezo wa kuambukiza hupungua sana; mwanao naye atapewa kinga au tiba mapema. Hasara haitakosekana, nami sitakuficha: huenda ukafunga biashara kwa siku au wiki kadhaa, huenda jirani mmoja akasema, huenda kituo cha kwanza kikakupa tu chupa nyingine ya dawa ya maji na ikabidi urudi kusisitiza. Kama kuonekana mtaani ndiko kunakokuzuia, hakuna sheria inayokulazimisha kupima kwenye kituo cha kata yako. Unaweza kwenda kituo cha upande wa pili wa mji.

Njia zilizo mbele yako, basi, ni zaidi ya zile mbili ulizonipa. Unaweza kuendelea na asali, ukapunguza moshi na kuacha mchanganyiko mkali, ukasubiri. Gharama yake ni kwamba, kama chanzo ni vidonge au kifua kikuu, utakuwa unasubiri kitu ambacho hakitakuja, na mtoto yuko kitandani pamoja nawe. Unaweza kwenda kliniki na pakiti mkononi na kufanya hayo ya nyumbani wakati huo huo, kwani hayagombani. Unaweza kumkubalia mama mkwe, kwa hatari nilizokueleza. Au unaweza kuomba muda: umwambie kwamba hujakataa kumsikiliza, lakini fundi asubiri mpaka upimwe, kwa sababu una presha na unaogopa kutokwa damu. Sababu hiyo ni ya kweli, haimvunjii heshima, na hata fundi mwenyewe anaweza kusita akiisikia.

Umeandika kana kwamba kukataa kukatwa ni kumkataa mama. Sina hakika kwamba naye anaona hivyo. Anachokitaka ni kuona wewe na mjukuu wake mmelala usingizi. Umewahi kumwomba akusindikize hospitali? Mtu aliyekulelea watoto watatu anaweza kujisikia ametupwa ukienda kwa siri, na akajisikia ameheshimiwa akipewa kiti mbele ya daktari na kuruhusiwa kueleza alichokiona kooni mwako. Mwombe daktari amuoneshe kimeo chako na kumweleza kwa maneno yake. Anaweza asishawishike siku hiyo, lakini atakuwa amesikia kutoka kwa mtu mwingine, na wewe hutakuwa umebishana naye.

Na mume wako, aliyeliita jambo hili dogo, sidhani kama ameelezwa yote. Kwenye simu, baina ya safari na safari, huenda alichosikia ni kwamba mama na mke wanavutana juu ya kikohozi. Mtafute wakati ameegesha gari na ametulia, umweleze kuhusu vidonge, kuhusu usiku unaolala umeketi, na kwamba fundi anayekuja mwisho wa mwezi ameitwa kwa ajili ya mtoto pia. Kisha umuulize yeye kama baba anataka nini kifanyike kwa mtoto huyo, na umpe muda wa kujibu.